Mlangoni Hakuna Kiingilio
Kijitabu kwa familia zinazozungumza Kiswahili Denver, Aurora na vitongoji vyake: namna ya kutembelea Hifadhi ya Wanyamapori ya Rocky Mountain Arsenal

Neno "hifadhi" halisikiki sawa masikioni mwetu sote. Aliyekulia Rutshuru anaikumbuka parke ya Virunga, iliyokuwepo tangu mwaka 1925, kama mahali ambapo mtu haendi kutafuta kuni bila kujiuliza atarudi vipi. Aliyekulia Arusha anakumbuka magari ya watalii yakipita na kumwachia vumbi. Kwa hiyo tukiwaambia watu hapa Denver kwamba pembeni mwa mji kuna hifadhi ya serikali ambayo unaingia bure, wewe na watoto wote na bibi yao, wa kwanza anacheka. Wa pili anasema: bure ya Marekani tunaijua, bili itafuata nyumbani kwa posta.

Bili haiji. Hakuna tiketi, na hakuna anayekuuliza mmekuja wangapi ndani ya gari. Familia zetu nyingi hupita karibu na hapo kila wiki zikienda kazini na hazijawahi kukata kona. Kijitabu hiki kimeandikwa ili mkate kona hiyo.

Iko wapi, na ina ukubwa gani

Hifadhi iko Commerce City, maili kama 10 kaskazini-mashariki mwa katikati ya Denver. Ukiuona uwanja wa mpira wa Colorado Rapids, umefika jirani yake. Anwani ya kituo cha wageni ni 6550 Gateway Road. Eneo lote ni zaidi ya ekari 15,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kama Nairobi, ukiwapiga picha wanyama unaweza kupata na maghorofa ya mji nyuma yao.

Lango hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama, isipokuwa sikukuu kubwa kama Shukrani, Krismasi na Mwaka Mpya. Kituo cha wageni kina saa na siku zake, nazo hubadilika. Kabla ya kuwapakia watoto, mmoja wenu anayejua Kiingereza apige simu au aangalie kwenye intaneti. Njia iliyo rahisi ni gari. Asiye na gari apange na jirani, maana safari hii inapendeza zaidi watu wakiwa wengi.

Hadithi ya ardhi hii, bila kuficha

Watu hutuuliza: ni kweli palikuwa na sumu? Ni kweli, na ni haki yenu kujua.

Kabla ya yote hii ilikuwa nyika ya baisani, yaani nyati wa Marekani, na ya watu wa Arapaho na Cheyenne. Baadaye walowezi wakalima. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, jeshi lilichukua mashamba hayo na kujenga kiwanda cha silaha za kemikali, ikiwemo gesi ya haradali. Vita vilipokwisha, sehemu ya kiwanda ilikodishwa kwa kampuni za dawa za kuulia wadudu, nazo ziliendelea na kazi mpaka 1982. Mabaki ya kemikali yaliingia ardhini na kwenye maji ya chini. Mwaka 1987 mahali hapa paliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuka vibaya kuliko mengine.

Katikati ya habari hiyo mbaya likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa watu walizuiwa kuingia kwa miongo kadhaa, wanyama walikuwa wamejipatia makazi. Mwaka 1986 iligundulika kwamba tai wenye vichwa vyeupe, ndege wa nembo ya Marekani, walikuwa wakilala hapo kwa wingi wakati wa baridi. Ndipo Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1992 kwamba pakishasafishwa pawe hifadhi. Hifadhi ilianza rasmi 2004, na usafishaji ulikamilika 2010 baada ya gharama ya zaidi ya dola bilioni 2.

Taka zenye hatari zilizikwa kwenye majalala maalumu yaliyofunikwa kwa tabaka nene, na sehemu hizo bado ziko chini ya jeshi. Huruhusiwi kuingia huko, na hakuna cha kukupeleka. Njia, maziwa na viwanja vya wageni viko kando na vimeruhusiwa kwa umma. Ila ardhi hii ina masharti yake: hairuhusiwi kulima, kujenga nyumba za kuishi, kutumia maji ya chini ya ardhi kwa kunywa, wala kula samaki au mnyama aliyetoka humo.

Sharti hilo la mwisho linatuhusu sisi hasa. Mama zetu wana macho. Mwezi wa sita na wa saba, lengalenga (mchicha) huota yenyewe pembeni mwa njia za Colorado, mibichi, laini, ya kuchumwa kwa ncha za vidole. Mtu anayeilipia senti kwenye duka la vyakula vya Afrika akiiona imekaa bure namna ile, mkono huenda wenyewe. Mama, iache. Humo hakichumwi kitu chochote: si mboga, si uyoga, si ua la kumpa mtoto. Hili ni la sheria, na kwa historia tuliyoisimulia, ni la akili pia.

Maili 11 ndani ya gari lako

Kwa mara ya kwanza tunawashauri mwanze na barabara ya kuzungukia wanyama. Ni duara la maili 11, unaendesha polepole ndani ya gari lako mwenyewe, unasimama panaporuhusiwa. Inawafaa wazee wasioweza kutembea na mama mwenye mtoto mchanga. Ndani ya eneo la baisani hamshuki kwenye gari hata kidogo.

Baisani ni binamu wa nyati wetu, lakini ana nundu mabegani na ndevu kama za mzee wa baraza. Dume hufikia kilo 900. Mwaka 2007 waliletwa 16 tu kutoka Montana. Leo ni kundi la zaidi ya mia. Kundi likiamua kuvuka barabara, mtasubiri. Zimeni redio, mteremshe kioo kidogo, msikilize: wanaguna, kwato zinakwaruza changarawe, na mmoja anaweza kujitupa chini na kugaagaa mpaka gari lote likanuka vumbi. Ndama huzaliwa majira ya kuchipua, rangi yao nyekundu ya udongo wa tofali, tofauti kabisa na mama zao. Mwenye kuona baisani ameinua mkia asifikiri anasalimiwa. Ni dalili kwamba amekasirika, na akikimbia hakuna mwanadamu wa kumshinda. Msipige honi. Msimwite.

Baada ya baisani, watoto hupenda zaidi kindi wa mashimoni. Wamarekani wanawaita "mbwa wa nyika" kwa sababu ya mlio wao, ingawa si mbwa. Mmoja husimama wima mlangoni pa shimo, mikono kifuani kama mtu anayeswali, na akiona hatari hubweka na mtaa mzima ukatoweka ardhini. Msiwaguse wala msiwalishe, na watoto wasikae chini karibu na mashimo yao. Viroboto wao huweza kubeba tauni. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliwaingia kindi hao na sehemu za hifadhi zikafungwa kwa muda.

Kwenye mashimo hayo hayo, kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, anakaa bundi mdogo mwenye miguu mirefu. Hukaa chini, tena mchana kweupe. Tunajua bundi anavyosemwa kwetu. Kuna mzee tuliyefuatana naye aliyegeuza uso alipoonyeshwa, na hatukumlaumu. Dakika kumi baadaye ndiye aliyeomba darubini.

Mnyama ambaye huenda msimwone, lakini inafaa watoto wasimuliwe, ni kicheche mwenye miguu myeusi. Chakula chake ni kindi hao. Kindi walipouawa na wafugaji na tauni, naye akaisha. Wataalamu walishasema ametoweka duniani. Mwaka 1981, huko Wyoming, mbwa wa shambani alirudi nyumbani na kicheche mmoja mfu mdomoni. Ikajulikana kwamba bado wapo. Waliobaki 18 walikamatwa, wakazalishwa, na mwaka 2015 uzao wao uliletwa hapa. Hutembea usiku, hifadhi ikiwa imefungwa.

Wakati wa baridi, msikae ndani mkidhani hakuna cha kuona. Ndio msimu wa wale tai. Waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika au Victoria watamjua mara moja: kichwa cheupe, na jinsi anavyokaa juu ya mti mkavu akitazama maji. Ni jamaa wa karibu wa furukombe, ukoo mmoja kabisa.

Kwa miguu, na shughuli zilizoandaliwa

Njia za miguu ni tambarare. Zile zinazozunguka maziwa ya Mary na Ladora zinafaa familia. Mtoto wa miaka sita anaweza kuzimaliza bila kubebwa, akipewa kazi ya kuhesabu kasa juu ya magogo. Jueni kwamba mko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600 na hewa ni kavu. Mgeni huchoka kabla hajajua kwa nini, kwa hiyo maji ni ya lazima kwa kila mmoja. Fuateni njia, maana kwenye majani marefu kuna nyoka wa njuga. Ukisikia mkia wake ukitatarika, simama, kisha rudi nyuma taratibu. Alasiri za kiangazi radi huja ghafla, na nyika haina pa kujificha. Wingu jeusi likitokea milimani, rudini kwenye gari.

Mwaka mzima huwa na programu za bure zinazoongozwa na wafanyakazi na watu wa kujitolea: matembezi ya kutazama ndege, masomo ya uvuvi na ya upinde kwa wanaoanza, michezo ya watoto, na ziara za basi dogo zenye mwongozaji. Nafasi huwa chache na nyingi hutaka kuandikishwa mapema. Hapa ndipo watu wetu hukosea. Tunafika kumi na tano siku yenyewe, tumevaa vizuri, na basi lina viti kumi na mbili. Andikisheni majina, mtaje na idadi ya watoto, na mkishindwa kwenda mtoe taarifa ili wengine wapate.

Waliovaa sare ya kahawia wengi wao ni waelimishaji na watunzaji wa wanyama. Waulizeni, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Swali la "yule ni mnyama gani?" linaweza kuulizwa kwa kidole.

Kuhusu uvuvi, huruhusiwa kwa msimu na kwa siku maalumu kwenye maziwa yale mawili, na samaki wote hurudishwa majini wakiwa hai. Tunajua inavyomwuma mvuvi wa Uvira kuachia samaki wa kilo tatu. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya Colorado, isipokuwa wikiendi nzima ya kwanza ya mwezi wa sita, ambapo jimbo lote huvua bila leseni. Ulizieni kwanza masharti ya chambo, na kama siku hiyo kuna ada ya uvuvi, maana bure tunayoisema ni ya kuingia.

Vya kubeba na vya kuacha

Bebeni maji, kofia, koti hata kama asubuhi ni jua, na chakula kilichokwisha kupikwa. Sambusa na chapati hazihitaji moto, na moto hauruhusiwi. Jiko la mkaa libaki nyumbani, mbwa pia, pamoja na spika kubwa. Tunajua sherehe bila muziki ni msiba, lakini kwa sherehe mji una bustani zake zenye meza na majiko. Humu mnyama akisikia ngoma anahama, na mtakuwa mmekuja kutazama nyasi. Takataka zote, hata ganda la karanga, mrudi nazo.

Mwenye ndugu mji mwingine

Mwambie naye. Marekani ina hifadhi za aina hii zaidi ya 550, na nyingi ziko karibu na miji. Philadelphia iko John Heinz, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Minneapolis iko Minnesota Valley, hatua chache kutoka lile duka kubwa la Mall of America. Albuquerque iko Valle de Oro, iliyoanzishwa 2012 mahali palipokuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Hizo tatu nazo huingii kwa pesa.

Mara ya kwanza, njooni asubuhi mapema au saa kumi jioni, wanyama wanapokuwa wametoka. Mkija jioni, muwe mmeanza kugeuka nusu saa kabla ya jua kuzama, kwa sababu lango halimsubiri mtu. Mtasikia koyoti, jamaa wa mbweha, wakianza kuitana upande wa maziwa. Zimeni simu kidogo, sikilizeni, kisha mhesabu watoto kabla ya kuwasha gari.