Chuchu bandia, khanga ya mama na mtoto asiyetaka kuviacha

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa kumi jioni. Mama ana mtoto mgongoni na mifuko mikono yote miwili. Chuchu bandia inamponyoka mtoto, inatua pale mikokoteni inapopita tangu alfajiri. Mama anaiokota, anaifuta kwa pindo la khanga, anairudisha mdomoni. Kilio kinakatika.

Kuifuta kunatosha?

Hakutoshi. Wala usiilambe wewe kwanza. Mate ya mtu mzima hubeba vijidudu vinavyotoboa meno. Tembea na ya akiba kwenye kikopo chenye mfuniko. Ya mtoto wa chini ya miezi 6 ichemshwe. Akishavuka hapo, maji ya moto na sabuni yanafaa. Usiichovye kwenye sukari wala asali. Asali ni hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na usimfunge nayo kwa kamba shingoni, hata kama muuzaji anakupa utepe wa bure. Kamba hukaba.

Ninunue ipi?

Iliyoumbwa kipande kimoja, yenye ngao pana kuliko mdomo na matundu ya hewa. Ivute kwa nguvu kabla ya kulipa. Machinga akinuna, mwache anune.

Kichanga apewe?

Subiri kwanza kunyonya kukae sawa, wiki 3 au 4 hivi. Katika zile hatua 10 za unyonyeshaji za WHO na UNICEF, zilizorekebishwa mwaka 2018, hatua ya 9 inataka mama ashauriwe juu ya matumizi na hatari za chupa na chuchu bandia. Anayelia njaa apewe ziwa.

Kwa nini hataki kuachia khanga yangu?

Kwa sababu ina wewe ndani yake. Mwaka 1953 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika juu ya vitu vya namna hii: mtoto huvishika wakati anajifunza kwamba yeye na mama ni watu wawili. Huko kwao ni blanketi au mdoli wa manyoya. Kwetu mara nyingi ni khanga iliyofuliwa mpaka jina limefifia, yenye harufu ya maziwa na moshi wa mkaa. Mama yuko dukani, mtoto yuko na dada wa nyumbani. Anasugua pindo lile kwa vidole viwili, macho yanalegea, analala. Bibi atasema mnamdekeza. Shikamoo bibi, lakini hapo mtoto anajibembeleza mwenyewe, na wapo watu wazima ambao bado hawajaweza.

Nitaifua lini, naye haiachi?

Khanga huuzwa doti, pande mbili zinazofanana. Zipokezane mapema, mmoja kambani, mmoja kwa mtoto. Ukichelewa, ule wa pili ataunusa na kuutupa. Ambaye hajafika mwaka asilale na nguo yoyote karibu na uso; akishasinzia, iondoe.

Nimpake shubiri aache chuchu?

Wengi hupaka, na wengine huthubutu pilipili. Pilipili itafika machoni, shubiri inaweza kumharisha. Anza kupunguza karibu na mwaka mmoja, maana chuchu ya kutwa nzima huongeza maambukizi ya sikio na humnyima mtoto nafasi ya kuropoka maneno. Kabla ya miaka 3 awe ameachana nayo, la sivyo meno ya mbele yanaweza kuacha uwazi, ya juu na ya chini yasikutane. Iwe ya kulalia tu, isivuke mlango. Usianze wiki mliyohama au aliyozaliwa mdogo wake. Atalia siku mbili tatu, kaa naye. Ila kama siku zote hageuki ukimwita, au anajali kitu hicho kuliko watu, mpeleke kliniki na kadi yake.

Na khanga?

Hiyo haina haraka. Wengine hukatiwa kipande cha kuingia mfukoni, wakaenda nacho darasa la awali.