Tambua Upotevu wa Maji Bustanini

Maji yakishapita kwenye dira huhesabiwa kuwa yametumika, hata yakivujia ardhini. Kila uniti 1 ni lita 1,000. Iwapo vinyunyizio vyako vimeunganishwa na dira moja kwa moja, tunakushauri ufanye jaribio hili:

1. Zima vinyunyizio, funga mabomba yote pamoja na koki ya tangi. Koki kuu ya bustani iache wazi.

2. Andika tarakimu za dira. Zisome tena baada ya saa 2. Zikisogea, maji yanavuja.

3. Funga koki ya bustani, urudie. Zikisimama, mvujo umo bustanini.

Chunguza penye udongo chepechepe au nyasi zilizostawi kuliko kwingine, kisha mwite fundi.