Ndevu za Miti: Ni Ugonjwa au ni Dawa?

Ukipita kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi au katika milima yenye ukungu ya Ileje, tazama magome ya miti mikuukuu. Utaona madoa ya kijivu, na pengine vishungi vya kijani hafifu vinavyoning'inia kama ndevu. Wataalamu huviita likeni. Zile ndevu ni likeni ya jamii ya Usnea.

Likeni ni viumbe viwili vinavyoishi pamoja: kuvu na mwani. Kuvu hujenga nyumba na kutunza unyevu; mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo likeni hainyonyi mti, imejishikiza tu juu ya gome. Usiung'oe mkahawa wako kwa sababu hiyo.

Likeni haina mizizi. Hupata maji na madini kutoka hewani, na uchafu wa hewa huingia humo humo. Ndiyo maana ndevu hizi hufa mapema penye moshi mwingi. Zikitoweka, tujiulize, maana mapafu yetu huvuta hewa ile ile.

Je, ni dawa ya kikohozi? Uchina na Ulaya watu walizitumia hivyo tangu zamani. Ndani yake mna asidi ya usniki, na miaka ya 1940 ilionekana maabara kwamba huzuia vijidudu vya kifua kikuu. Lakini kuzuia vijidudu ndani ya chupa si kumponya mtu. Tena asidi hiyo yaweza kudhuru ini. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilionya watu waache vidonge fulani vya kupunguza unene vilivyokuwa na asidi hiyo, baada ya watumiaji kuugua ini vibaya.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayejitibu kwa majani na magome huendelea kuwaambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja. Na Tunduma ni mji wa mpakani, wenye wasafiri wengi.

Tukumbuke:
1. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapime makohozi.
2. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.
3. Dawa humezwa kwa kawaida miezi 6. Usiache hata ukijisikia nafuu.
4. Ndevu za miti tuziache mitini.