Robine ya chini ya kompresa ikivuja, usiizibe kwa bolti

Kwenye barabara inayotoka Kavimvira, ikakata mji wa Uvira na kushuka hadi bandari ya Kalundu, kwado, fundi wa matairi, hakosi kazi. Motari wa pikipiki wanataka hewa, malori yanayotoka uwanda wa Ruzizi yanataka hewa, na magari ya kwenda Baraka hayaondoki bila kupima matairi. Ndiyo maana kompresa ndogo za kubebeka zimejaa huku, nyingine za umeme, nyingine za injini ya petroli kwa siku ambazo umeme hakuna. Na katika zile ninazoletewa kutengeneza, ugonjwa ninaokutana nao zaidi ni huu: robine ndogo iliyo chini kabisa ya tangi, ya kutolea maji, inavuja. Mwenye mashine anachoka na ule mlio wa ssss mchana kutwa, anaifungua, anakaza bolti yenye gundi mahali pake, kisha anarudi kazini akiwa ameridhika. Ninaandika ili asifanye hivyo.

Robine ile haikuwekwa pale kwa urembo. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na msimu wa mvua hewa yake ni nzito kwa unyevu. Hewa ya nyuzi joto 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila meta moja ya ujazo. Ukiibana hadi baa 8, ikapoa ndani ya tangi, inabakiwa na uwezo wa kubeba kiasi kidogo tu. Mengine yote yanageuka maji na kutulia chini. Kompresa inayovuta lita 100 kwa dakika, ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika, inaweza kukuachia zaidi ya gramu 100, karibu nusu gilasi. Usipoyamwaga, siku moja motari anakuja kujaza tairi, mpira wa hewa unatema matone mkononi mwake, naye anakuambia, “Papa fundi, hewa yako iko na maji.” Huyo amekusaidia, maana maji yaliyomfikia yeye yamekwisha kukaa siku nyingi juu ya chuma cha tangi lako.

Chuma kinashika kutu kwa ndani. Kutu inabanduka magamba, magamba yanashuka kwenye robine, na punje moja ikikaa pale inapofungia, hewa inapita. Kwa hiyo mvujo mara nyingi ni habari ya kutu iliyo ndani. Ukipiga bolti, umefungia maji humo, na bati la chini linaendelea kuliwa usilione. Kwenye baa 8, kila sentimeta moja ya mraba ya bati hilo inasukumwa na nguvu kama ya uzito wa kilo 8. Tangi likipasuka, halichagui nani amesimama karibu.

Hakikisha kwanza mahali panapovuja. Koroga sabuni ya unga kwenye maji, paka robine yote, kisha utazame mapovu yanapochomoza: mdomoni, au pale nyuzi zake zinapoingia kwenye tangi. Ni matengenezo mawili tofauti. (Kama mlio unatoka kwenye kisanduku cha swichi baada ya mota kusimama na hauishi, hiyo ni valvu ya kuzuia hewa isirudi, iache robine ya watu.)

Mapovu yakiwa mdomoni, jaribu jambo rahisi kabla ya kushika spana. Acha presha kidogo tu, baa 1 au 2, inamisha tangi robine iwe chini, weka uso mbali, kisha ifungue wazi kwa ghafla. Maji ya rangi ya chai yatatoka na punje zake. Funga, paka sabuni tena. Mara nyingi mvujo unakomea hapo.

Ikikataa, au mapovu yakiwa kwenye nyuzi, itolewe. Zima mashine, chomoa waya ukutani. Kama ni ya petroli, vua waya wa plagi. Vuta pete ya valvu ya usalama hadi geji isome sifuri, halafu fungua robine yenyewe, kwa sababu geji mbovu nayo husoma sifuri. Usilegeze nati yoyote ya tangi lenye hewa, hata iliyobaki kidogo. Robine iliyoshikwa na kutu ipake mafuta ya kupenya, iache ilowe, wala usiichome moto.

Ukishaitoa, itazame kwenye mwanga. Ncha ya shaba iwe laini pande zote. Ukiona mkwaruzo unaokatiza duara, au kampira kamekatika, usipoteze muda kuisugua; nunua mpya. Usipoipata Uvira, vuka hadi Buyenzi, Bujumbura, kwa mafundi wanaoongea Kiswahili kama sisi. Nenda na ile ya zamani mfukoni. Nyingi ni za robo inchi, lakini kuna nyuzi za kipimo cha Uingereza, 19 kwa inchi, na za Marekani, 18 kwa inchi. Zinaingiliana mizunguko michache ya kwanza, kisha zinabana na kuharibu tundu la tangi. Mpya iingie kwa vidole bila kulazimishwa.

Tepu ya tefloni izungushe mara tatu au nne, kwa upande ule ule utakaokazia, uache uzi wa kwanza wazi ili vipande visiingie ndani. Kaza kwa kiasi; shaba ni laini.

Mimi napenda zaidi kuondoa sababu ya watu kutomwaga maji. Robine za kiwandani zimefichwa chini ya tumbo la tangi, mtu hadi apige magoti kwenye matope. Ninafunga kona ya shaba na kipande kifupi cha bomba la chuma hadi ukingoni, mwishoni robine ya kishikio cha robo mzunguko, iliyoandikwa presha inayozidi ile ya tangi. Bomba la plastiki la maji halifai hapa kabisa. Kwa kishikio hicho, hata kijana anayejifunza kazi anamwaga kila jioni tangi likiwa na hewa kidogo.

Lakini mapovu yakichomoza kwenye bati lenyewe, pembeni ya robine, tengenezo limekwisha. Usichomelee, usipake gundi ya chuma; tundu moja lina maana bati lote la chini limekonda. Litoboe matundu makubwa mtu asije akaliokota na kulijaza tena. Kichwa cha kompresa na injini yake bado vinafaa: vihamishie kwenye tangi jingine zima, ambalo kibati chake cha kiwanda cha presha bado kinasomeka.