Jihadhari na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi

MSIMU wa baridi unapoingia kati ya Juni na Agosti, wakazi wengi wa Kiganjo mjini Thika, sawa na wenzao wa Makongeni na Ruiru, hupata taabu nyakati za usiku. Mji wa Thika uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Katika nyumba za mabati zisizo na silingi, baridi hiyo humfuata mtu hadi kitandani.

Njia iliyozoeleka ya kujikinga ni kuwasha jiko nje, kusubiri moshi uishe, kisha kuliingiza chumbani na kufunga mlango. Si mara moja tumesoma magazetini habari za jamaa waliolala hivyo na wasiamke. Je, ni nini hasa huwaua, na mtu afanye nini ili apate joto bila kuhatarisha maisha?

Sumu isiyoonekana

Makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho wala koo. Ndiyo maana ni makosa kudhani kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote ndiyo hutoa sumu hii kwa wingi.

Ukiivuta, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Matokeo yake, ubongo na moyo hukosa oksijeni hata kama mtu angali anapumua. Walio hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama, watoto wachanga, wazee na wenye ugonjwa wa moyo.

Dalili

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea mwili. Baadaye mtu huchanganyikiwa na kuzimia. Aliyelala huweza kupita kutoka usingizini hadi kuzimia bila kuhisi lolote.

Dalili hizi hufanana na za malaria au mafua, ingawa kwa kawaida mwili hauwi na homa. Jiulize maswali matatu: Je, jiko lilikuwa likiwaka ndani? Je, zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaugua kwa wakati mmoja? Je, ukitoka nje unapata nafuu? Jibu likiwa ndiyo, shuku sumu hii mara moja.

Imani zisizo za kweli

Wapo wanaoweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini kwamba maji yatanyonya sumu. Hayanyonyi, kwa kuwa kaboni monoksidi haiyeyuki vizuri majini. Jiko la kauri nalo hupunguza matumizi ya makaa, lakini sumu ni ile ile. Kuacha dirisha wazi kidogo pia si kinga ya kutegemewa usiku kucha. Kufunika makaa kwa majivu huyanyima hewa tu, nayo yakaendelea kutoa sumu polepole.

Huduma ya kwanza

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, kisha mtoe nje haraka. Usikae ndani ukichunguza, usije ukaanguka wewe pia. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Usimnyweshe maziwa: sumu imo katika damu, si tumboni, na aliyezimia huweza kupaliwa. Piga simu 999 au 112, au mpeleke hospitali iliyo karibu, kama ile ya Thika Level 5.

Mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kidoleni huweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari ilhali damu imejaa sumu. Tiba kubwa ni oksijeni safi. Kwa hewa ya kawaida, kiasi cha sumu hiyo katika damu hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi sita. Kwa oksijeni safi, huchukua muda wa saa moja hivi. Hata ukipona rudi hospitalini ukianza kusahau-sahau, maana madhara ya ubongo huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye.

Joto lililo salama

Pika na umalize kabla ya kulala, kisha jiko lilale nje. Ziba mianya ya mlango na dirisha pale tu ambapo hakuna moto ndani. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, soksi na blanketi la ziada husaidia sana. Mwenye nyumba akiweka silingi chini ya mabati, joto halitoroki upesi.

Kama uwezo upo, hita ya stima ni salama kuliko makaa, mradi iwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Kifaa hiki hukata stima chumba kikifikia joto ulilochagua na kuirudisha chumba kikipoa. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa nne mfululizo hula yuniti sita. Themostati ikiizima nusu ya muda huo, utatumia yuniti tatu.

Hita nyingi zina namba tu, hazina nyuzi. Zungusha kitufe hadi mwisho, subiri chumba kiwe na joto linalokutosha, kisha kirudishe polepole hadi usikie mlio mdogo hita ikizima. Kiache hapo. Huko ng'ambo zipo themostati za kisasa zinazoongozwa kwa simu, lakini nyingi huendesha mitambo ya kupasha nyumba nzima, ambayo nyumba zetu hazina.

Chomeka hita moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba ya waya inayoweza kuungua. Iweke mita moja kutoka kwa chandarua, pazia na matandiko. Washa kabla ya kulala, na uizime unapoingia kitandani.

Usiku huu, kabla ya kufunga mlango, hakikisha jiko liko nje. Tahadhari kabla ya hatari.