Hoja za Viongozi: Somo Kutoka Atlanta

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Mada ilitoka mbali: mji wa Atlanta, jimbo la Georgia huko Marekani, ambako viongozi waliunga mkono ujenzi wa kituo kipya cha kuwafunza polisi na wazima moto. Mimi nilipangiwa upande wa kupinga. Lo! Baba mdogo ninayekaa kwake ni askari aliyefunzwa Kiganjo. Nasi wa shule ya kutwa hatuna pa kujificha. Jioni ni lazima urudi nyumbani ukaulizwe umesoma nini. Basi haya ndiyo mambo matatu niliyojifunza kuhusu kupima hoja ya mwanasiasa.

Kwanza, chunguza jina. Waliounga mkono, akiwemo meya Andre Dickens na gavana Brian Kemp, walikiita Kituo cha Mafunzo ya Usalama wa Umma. Wapinzani walikiita Cop City, yaani Mji wa Polisi. Kitu ni kile kile. Jina la kwanza linakupeleka darasani, la pili linakupeleka kambini. Ukilikubali jina kabla ya kuuliza, umeshaanza kushindwa.

Pili, chunguza hesabu. Septemba 2021, baraza la mji lilikubali, kwa kura 10 dhidi ya 4, kulikodisha shirika la Atlanta Police Foundation ardhi, ekari 85 zikiwa za ujenzi. Raia waliambiwa kwamba mji utatoa kama dola milioni 30, na zinazobaki zitoke kwa wafadhili. Juni 2023 baraza likapitisha dola milioni 31 kwa kura 11 dhidi ya 4. Lakini mlikuwa pia na malipo ya dola milioni 1.2 kila mwaka kwa miaka 30. Zidisha, upate milioni 36. Jumlisha, upate milioni 67. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, uliza ni nani asiyesikika. Ardhi ile ni mali ya Atlanta, lakini iko nje ya mipaka ya mji, katika kaunti ya DeKalb. Kwa hivyo majirani wa kituo hawamchagui meya wala madiwani waliokipitisha. Januari 2023, mwanaharakati mmoja aliyepiga kambi katika msitu ule aliuawa kwa risasi za askari, na askari mmoja akajeruhiwa. Baadaye mwaka huo wapinzani waliwasilisha saini, wakisema zinapita 116,000, ili raia waamue wenyewe kwa kura. Kura hiyo haikupigwa. Kituo kilifunguliwa mwaka wa 2025.

Usiku wa kuamkia mdahalo nilimsomea baba mdogo hotuba yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno mazuri, mwanangu. Sasa niambie, nyumba hii ikishika moto usiku, unataka aje nani, aliyefunzwa ama asiyefunzwa?"

Nilinyamaza. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yenye nguvu ya wale viongozi: majengo ya zamani ya mafunzo yalikuwa yamechakaa, na anayetumwa penye hatari sharti afundishwe. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu ilinitisha.

Niliwasha taa tena nikaandika upya. Kesho yake nilianza na swali lake, nikalijibu hivi: hakuna anayekataa mafunzo, tunauliza yafanyiwe wapi, kwa pesa za nani, na kwa idhini ya nani.

Tulishindwa kwa kura tatu. Nilipomweleza baba mdogo hakunicheka. Aliiomba ile karatasi aisome mwenyewe.

ZOEZI
1. Chagua mradi mmoja unaozungumzwa mtaani kwenu. Andika jina wanalolitumia wanaoutaka, na lile la wasioutaka.
2. Tafuta gharama yake yote, si ile ya mwaka wa kwanza tu.
3. Andika hoja moja ya upande usioupenda, tena ile inayokutisha. Kisha ijibu kwa adabu.