SOMO LA MAJI SAFI: CHUJIO LINAPOZIBA



Wewe unayeishi Kawempe unaijua taabu ya maji. Bwaise iko bondeni. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, na vyoo vya shimo viko jirani na chemchemi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walipima maji ya ardhini ya Bwaise III, na mwaka 2007 walitangaza kwamba yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Ndiyo maana chujio la nyumbani ni mali ya thamani. Lakini likianza kwenda polepole, watoto wenye kiu hawangoji. Huchota moja kwa moja kwenye jerikani. Tujifunze kulitunza.

1. Chujio hufanyaje kazi?

Ndani ya machujio mengi ya siku hizi mna mirija myembamba ya plastiki, mfano wa tambi zenye tundu katikati. Ukuta wa mrija huitwa utando. Una vitundu vidogo sana: gawa milimita moja mara 50,000, kipande kimoja ndicho upana wa kitundu. Kijidudu cha kipindupindu ni kinene kuliko hapo mara 20 na zaidi, basi hakipiti. Lakini chumvi na kemikali zilizoyeyuka hupita.

2. Kwa nini huziba?

Tia tone la maji juu ya mfuko wa nailoni. Linajiviringa kama shanga, kwa sababu plastiki hiyo haipendi maji. Hupenda mafuta na utelezi wa uchafu, navyo hung'ang'ania. Utando wa plastiki kama hiyo ungeziba upesi.

3. Watengenezaji walifanya nini?

Huchukua plastiki ngumu, kwa mfano poliethasulfoni, wakaichanganya na nyingine inayopenda maji, polivinilipirolidoni. Wengine huupaka utando tabaka jembamba la kupenda maji. Hapo maji huufunika utando kama shuka, na uchafu hukosa mahali pa kushika imara. Faida ni mbili: maji hupita kwa urahisi, na uchafu hutoka ukioshwa.

4. Kazi yako ni nini?

(a) Acha maji ya matope yatulie, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kabla ya kuyatia katika chujio.

(b) Osha chujio kila siku kwa kurudisha maji nyuma, kama maagizo yake yanavyoonyesha. Maji hayo yamwage, usiyanywe.

(c) Usitie dawa kali ya kufulia nguo katika chujio, ila kama maagizo yameruhusu. Klorini kali huila ile plastiki inayopenda maji. Utando huzeeka na kuharibika. Ukiwa na dawa ya klorini ya maji ya kunywa, itie katika maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo chake.

(d) Usichokoe kwa sindano wala kusugua kwa brashi. Tundu moja la sindano ni mlango mpana kwa vijidudu.

(e) Liweke kivulini, lisikaukie juani.

5. Polepole si kufa

Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi walieleza majaribio ya tando zilizochuja maji miezi mingi bila kuoshwa. Mwendo ulishuka, kisha ukatulia, haukukoma. Kwa hiyo chujio linalochelewa usilitupe. Lioshe, na uanze kuchuja mapema, hata usiku, ili asubuhi maji yawepo.

La kuogopa ni chujio lililokuwa polepole, kisha bila kuoshwa likaanza kutiririsha kwa kasi, au kutoa maji yenye vumbi. Huenda utando umepasuka. Acha kulitumia, chemsha maji mpaka yatokote, na upeleke habari kwa mhudumu wa afya au waliokupa chujio.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tone la maji hujiviringa juu ya nailoni?
2. Klorini itiwe wapi: kabla ya kuchuja au baada ya kuchuja?
3. Jirani anafurahi kwamba chujio lake la zamani limeanza ghafla kutoa maji kwa kasi. Utamwambia nini?

Wasomee somo hili watoto na wote wanaochota maji nyumbani kwako.